Mgombea Kashapoa, Mpambe Bado Kanuna

Aka! Kama hujamwona mpambe wa mgombea aliyeshindwa, hujaona matanga yasiyo na maiti. Na usiniambie kwenu hawapo. Wapo tele, wengine mnalala nao chumba kimoja.

Mnaikumbuka Mei 2020, uchaguzi wa rais hapa Burundi. Tarehe 20 watu wanapiga kura, WhatsApp imezimwa, uvumi ukabaki kutembea kwa miguu kutoka ligala hadi ligala, vijiwe vyetu vya soga. Pale kwetu Buyenzi hesabu ilishafungwa mapema: Agathon Rwasa, mgombea wa upinzani, kapita. Ushahidi? "Wote ninaowajua wamempa yeye." Lahaula! Wote unaowajua wanaenea kwenye benchi moja, na nusu yao hata kadi ya kura hawana!

Tarehe 25, pilau ya Idi haijakauka sufuriani, tume ya uchaguzi ikatangaza: Évariste Ndayishimiye wa chama tawala zaidi ya asilimia 68, Rwasa 24 na ushei. Rwasa akasema kaibiwa, maaskofu Wakatoliki nao wakasema kasoro wameziona, kesi ikafika Mahakama ya Katiba, na Juni 4 ikatupwa. Ungedhani hapo mtu atameza mate aendelee na shughuli zake. Weee!

Fundi wetu mmoja wa magari, jina namsitiria, alisusa. Alianza na redio. Akafuata kinyozi, eti ndevu hazinyolewi mpaka haki ipatikane. Jamani, ndevu na Mahakama ya Katiba wapi na wapi? Mwisho akasusa wateja: gari ya aliyemchagua mshindi hatii mkono. Mtumee! Spana nayo ina chama?

Njaa ikamrudisha kazini, ila kwa masharti. Jirani yake, mzee wa ukuta kwa ukuta, akaleta gari, breki zinalia. Fundi kachutama kwenye gurudumu, mzee kasimama hapo hapo, mwanagenzi katikati.

"Mwambie huyo mzee pedi zimekwisha."

"Mwambie fundi atie mpya."

"Mwambie pedi hazianguki kutoka mbinguni."

Maskini kijana, shingo karibu imkatike. Ilipofika saa ya malipo, fundi akasimama mwenyewe, akataja bei kwa mdomo wake, tena kwa sauti. Hapo mkalimani hakuhitajika.

Na huyo ambaye watu wananuniana kwa ajili yake? Mwaka 2015 Rwasa alisema anasusia uchaguzi, matokeo yakamtoa wa pili, akaingia Bungeni na kuchaguliwa makamu wa kwanza wa Spika. Mwaka 2020 chama chake, CNL, kililia wizi, kisha wabunge wake 32 wakaapa na kukaa vitini. Wenyewe siasa wanaijua. Wewe shemeji yako unamkatia salamu!

Tsk! Wapambe wa mshindi nao msinichekeshe. Walitamba utadhani ufunguo wa Ikulu uko mfukoni mwao. Mafuta yalipoadimika, wote tuliwaona kwenye foleni moja, nyuma ya fundi yule yule, madumu tupu mkononi.

Halafu kumbukeni katiba ya 2018: muhula wa rais ni miaka saba. Saba! Nani ana mashavu ya kununa miaka yote hiyo? Basi, mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani amfikishe kwa kinyozi leo leo. Uchaguzi wa rais ni 2027, na ndevu zile zimeshaanza kuingia kwenye chai.