Bi Gasketi Anajibu: Wenye Magari ya Mbio Mna Nini?

Wiki hii barua zote zimetoka kwa wenye magari ya mbio yaliyozeeka. Wenye Probox hawaniandikii. Nadhani wako kazini.

*Shikamoo Bi Gasketi. Nina Mazda RX-8 ya 2004, nimeipata kwa bei ya Vitz. Inakunywa oili mno. Fundi kasema ringi za pistoni zimekwisha, niandae hela. Tena juzi kijana wa kuosha aliisogeza kivulini, akaizima, na tangu hapo haiwaki. Je, nimerogwa? — Mjanja wa Tabata*

Marahaba, Mjanja. Hujarogwa. Ila huyo fundi mkimbie, tena kwa miguu maana usafiri huna. Injini ya RX-8 haina pistoni hata moja, hizo ringi kaziona wapi? Ndani mna rota mbili za pembe tatu, zinazunguka kwenye vyumba vyenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Kila ncha ya rota ina sili nyembamba, na sili lazima ilainishwe. Kwa hiyo walioiunda waliweka pampu ya kudondoshea oili mle ndani kusudi iungue. Gari lako si mlevi, ameandikiwa dawa na daktari. Kazi yako ni kuchomoa kijiti kila unapojaza petroli, upime, uongeze. Ukizembea, sili zinakwisha, mgandamizo unapotea, injini inashushwa.

Na hiyo bei ya Vitz, hukujiuliza? Aliyekuuzia alikuwashia asubuhi, injini ikiwa baridi. Ungemwomba mzunguke nusu saa, mzime, halafu awashe tena ikiwa ya moto. Injini ya aina hiyo iliyochoka hapo ndipo inapoumbuka.

Sasa yule kijana. Injini hiyo ikiwashwa baridi inajimiminia petroli nyingi. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli inabaki imelowesha plagi, na plagi iliyolowa haitoi cheche. Kanyaga mafuta mpaka mwisho, usiachie, kisha piga stata sekunde chache. Kompyuta ya gari itakata petroli na hewa itakausha chumba. Ikigoma, fungua plagi zote nne zikaushwe, ukaazime na betri, maana yako itakuwa hoi. Siku nyingine kijana akitaka kulisogeza, alisukume.

Injini ya ukoo huo ilishinda Le Mans mwaka 1991 ndani ya Mazda 787B, saa 24 mfululizo. Najua utasema yako haifiki Kibaha. Ile ilikuwa na kijiji kizima cha mafundi. Yako ina wewe na bwana wa ringi.

*Bi Gasketi, nina Impreza WRX ya 2003. Fundi anang'ang'ania nibadili mkanda wa taimingi, na mkanda wenyewe haujakatika. Si wizi huu? — Mbishi, Arusha*

Mkanda wa taimingi hausubiriwi ukatike, mwanangu. Kwenye injini hiyo ukikatika, valvu zinakutana na pistoni, na hazikutani kusalimiana. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa. Ukishafungua, weka na pampu ya maji na roli zake, maana hela kubwa ni ya kufungua. Mnapenda kunitumia picha za Colin McRae akishinda Safari Rally ya 1997 na Impreza. Gari lile mafundi walikuwa wakilivizia njiani na spea mkononi, na sidhani kama aliwauliza mbona kitu hakijakatika.

*Bibi, mke wangu akijua nilizotumia kwenye gari hili tutaachana. Risiti nimezificha chini ya tairi la spea. — Mwenye Siri, Tanga*

Alishaziona. Marehemu mume wangu alizificha za Celica yake kwenye gunia la mchele, kana kwamba mpishi alikuwa yeye. Nilizijumlisha usiku mmoja, sikusema neno. Kesho yake nikanunua doti nne za khanga, risiti yangu nikaiweka juu ya zake, nikafunga gunia. Wiki nzima tulikula ugali.

*Matairi yangu bado yana kashata nzuri sana, gari natoa mara moja kwa mwezi tu. Kuna haja ya kubadili? — Mtunzaji, Mombasa*

Chungulia ubavuni mwa tairi, utafute tarakimu nne za mwisho. Zikisomeka 2310, lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2010. Mpira unazeeka hata ukilala kivulini.

Nasema hivyo kwa aibu. Celica niliyoachiwa niliitoa siku moja niende nayo Morogoro, kashata zote zipo, matairi nimeyapaka dawa yanang'aa. Kabla ya Chalinze tairi la nyuma likapasuka, gari likacheza kama limesikia mdundiko. Mziba pancha aliletwa na bodaboda. Aliinama, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma zile tarakimu, akaniangalia.

"Mama, tairi hili na mdogo wangu wamezaliwa mwaka mmoja. Yeye sasa yuko kidato cha pili."

Nikamuuliza kama anafaulu.