Tingatinga na Wapenzi Wake

Siku tingatinga la kulibomoa litakapotajwa tu, soko la Muthara, kule Meru, litapata wapenzi. Watashuka na kamera shingoni, vijana ambao mboga zao huletwa mlangoni na bodaboda, wamwombe mama wa nduma akunje uso kidogo. Mikunjo hupendeza katika picha zisizo na rangi. Picha ishirini, nduma hata moja hainunuliwi.

“Kijana wangu, utanunua ama umenihurumia tu?”

Hajibiwi. Mwanga unaisha.

Soko la Kariakoo la Dar es Salaam nalo, jengo la msanifu Beda Amuli la mwaka 1975, lilipata picha zake nyingi lilipoungua Julai 2021. Afadhali tingatinga: angalau halimwambii mtu asimame hivyo hivyo, asitabasamu.