Kimeli cha Kuhesabu Samaki

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi. Kumhesabu sangara humo tumeviachia vimeli vichache vya utafiti, vyenye mtambo wa mwangwi na wataalamu wanaompima kila samaki kwa rula, kisha wakampasua tumbo kuona kama alikula furu au dagaa. Kazi safi. Ila kimeli nikijuacho mimi hushinda gatini kikisubiri dizeli; dizeli inasubiri saini; mwenye saini yuko semina ya uvuvi endelevu, hotelini, anakula sangara. Wenye makokoro hawasubiri saini ya mtu. Alfajiri wanapita ubavuni, mitumbwi imezama nusu kwa shehena.

“Wakuu, samaki wamefika wangapi?”

“Bado,” anajibu baharia. “Ila minandi ni wawili, walewale wa jana.”