Divisheni Wani ya Gofu

Shule ya bweni ya binafsi haipati usingizi jirani akinunua basi jipya. Na Makambako majirani ni wengi, maana mji wetu ni njia panda: barabara kuu ya Mbeya na Zambia inapita hapa, ya Njombe na Songea inachepukia hapa, na treni ya TAZARA inasimama hapa. Mzazi anayeshuka stendi na mtoto wake na tranka ana uhuru wa kuchagua, lakini kila shule inamwimbia wimbo uleule: maabara, kompyuta, maji ya uhakika, maadili. Mkuu wetu wa shule akawa anatafuta neno moja ambalo jirani hana. Akalipata Dar es Salaam, alipoalikwa kwenye hafla katika uwanja wa gofu wa Lugalo, ule wa Jeshi la Wananchi. Aliporudi alikuwa na kipeperushi tayari: Gofu na Taaluma.

Kwenye kikao cha walimu alikuja na ushahidi. Huko Bradenton, Florida, kuna IMG Academy, iliyoanza mwaka 1978 kama shule ya tenisi ya Nick Bollettieri. Leo wanafunzi wake wa bweni wanasoma nusu ya siku na nusu iliyobaki wako mazoezini, gofu ikiwemo. Na kama Florida ni mbali, akasema, Mufindi je? Wenzetu wana uwanja wa gofu katikati ya mashamba ya chai. Kwa nini Makambako tushindwe? Hakuna aliyejibu, kwa sababu chai ya kikao ilikuwa haijaletwa na kila swali lilikuwa linaichelewesha.

Mimi nafundisha fizikia. Niliteuliwa kuwa kocha kwa sababu mbili: fizikia ina mada ya vitu vinavyorushwa, na nilikuwa nimevaa kofia.

Vifaa vilitoka kwa mfadhili mmoja mstaafu: mkoba mmoja, fimbo tano, moja ikiwa ya mtu wa mkono wa kushoto. Sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, kwa hiyo shule nzima tulikuwa ndani ya sheria na nafasi ikabaki. Uwanja ulikuwa na mambo yake. Kipenyo cha shimo la gofu ni milimita 108. Fundi wa shule alinisikiliza kwa heshima zote, akaitikia, akachukua chepe, akachimba shimo ambalo mbuzi angeingia na rafiki yake. Bendera tukazitundika kwenye mianzi, na mlinzi wa usiku akawa wa kwanza kuuliza kama mianzi hiyo bado inatoa ulanzi. Mashimo 18 hayakuwezekana. Kati ya uwanja wa mpira na bustani ya kabichi palitosha mashimo matatu tu, tukawa tunayazunguka mara sita.

Halafu kuna upepo. Wageni huusikia upepo wa Makambako wakiwa stendi na kudhani utapita. Haupiti, unaishi hapa, na wawekezaji wa umeme wamekuwa wakija kuupima. Mpira wa gofu unatakiwa usizidi gramu 45.93, uzito ambao upepo wetu hauuhesabu kuwa mzigo. Mwaka 1971 mwanaanga Alan Shepard alipiga mipira ya gofu mwezini, mahali pasipo na hewa, na dunia nzima ikampigia makofi. Wanafunzi wangu huwa nawaambia: huyo bwana hakucheza Makambako mwezi wa nane. Hapa mtu anapiga mpira kuelekea Songea, na dakika hiyohiyo anainama kuukwepa.

Mipira ikaanza kupungua. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa kunguru, ambaye aliudaka mmoja mbele ya macho yetu na kuondoka nao kuelekea reli, akiamini amepata yai. Nikafungua kitabu cha sheria mbele ya vijana: mpira ukichukuliwa na mnyama au ndege, mchezaji hana kosa, anarudisha mpira pale ulipokuwa au anaweka mwingine. Nikawaongezea habari ya Jinja, Uganda, ambako uwanja wa gofu umesifika kwa kanuni yake ya kienyeji: mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unaruhusiwa kuutoa. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama kiboko bado yupo?" Kitabu hakikusema.

Mtuhumiwa wa pili aligundulika Jumapili. Mpira mmoja ulikuwa umepenya dirisha la jiko na kutua kwenye sufuria la maharage, ukachemka humo hadi ukaiva kwa kadiri ya uwezo wake. Kijana aliyepakuliwa aliuona mweupe katikati ya sahani na hakusema neno. Wanaojua chakula cha bweni watamwelewa. Aliuficha mfukoni, akauhifadhi mpaka taa zilipozimwa, akawaita marafiki zake wawili wa karibu, akaomba chumvi. Kesho yake jino lake lilipouliziwa zahanati, alisema amejigonga kitandani. Mama mpishi akawa anaweka kila mpira unaoingia jikoni rehani, na kuukomboa ilikuwa kuni mkono mmoja.

Tukahamia viazi. Njombe haina shida ya viazi, na vile vidogo vinavyobaki sokoni vinalingana na mpira karibu kabisa. Kasoro yake ni moja: kiazi kikipigwa sawasawa kinapasuka vipande sita, na kocha hujui ufuate kipi.

Wakati huo vita vya chini kwa chini vilikuwa vinaendelea ofisini. Mwalimu wa taaluma, ambaye ni mtu wa historia, hakuitaka gofu tangu mwanzo. Aliniacha nijigambe kwamba mchezo huu ni wa Waskoti, watu wenye akili, halafu akatoa faili. Mwaka 1457, akasoma taratibu, bunge la Uskoti chini ya Mfalme James wa Pili lilipiga marufuku gofu pamoja na mpira wa miguu, kwa sababu vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde na mishale. "Wenye mchezo wao wenyewe waliukataa," akasema, "kwa ajili ya mishale. Sisi tuna NECTA."

Siku ya wazazi ilileta mashtaka mengine. Mama mmoja wa Lupembe alisimama pembeni ya uwanja, akawatazama vijana waliopanga mstari wakirusha fimbo kulia na kushoto juu ya nyasi, akanijia.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, mama. Karibu."

"Asante. Hawa wamefanya kosa gani?"

"Hawajafanya kosa, mama. Ni wana gofu."

"Mimi nimelipa ada, na juu yake mchango wa gofu, mtoto aje afyeke? Nyumbani anafyeka bure."

Sikumjibu vizuri, lakini usiku nilikaa nikaliwaza neno lake, nikaona amesema jambo ambalo makocha wengi hawajalisema. Kufyeka kunataka miguu ipanuke kidogo, mgongo uiname, macho yabaki chini, nguvu itoke kiunoni, na mikono iendelee kwenda hata baada ya nyasi kukatika. Ukitoa nyasi, unabaki na somo zima la gofu. Nikachukua daftari la mwalimu wa nidhamu, nikalinganisha na matokeo yangu ya mazoezi. Majina yalikuwa yaleyale kwa mpangilio uleule. Mchezaji wangu bora ndiye aliyekuwa akichelewa namba kuliko wote, akaadhibiwa kwa fyekeo tangu kidato cha kwanza. Kaka mkuu, ambaye hajawahi kuadhibiwa, alikuwa hawezi kuugusa mpira.

Mashindano ya kwanza yalifanyika siku ya mahafali. UMISSETA haina gofu, kwa hiyo tulishindana wenyewe kwa wenyewe. Mgeni rasmi alipewa heshima ya mkwaju wa ufunguzi. Aliupiga vizuri, simsingizii. Upepo ndio uliougeuza, ukapita juu ya turubai la meza kuu na kugonga bati la jiko. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kusifu, akatangaza goli.

Matokeo yaliposomwa, kijana wa mikwaju 131 alinyanyuliwa juu na wajomba zake, vigelegele vikapaa. Yule mchelewaji wetu wa mikwaju 88 alikuwa anapewa pole na shangazi yake. Nikaomba kipaza sauti. Nikasema: ndugu wazazi, hesabu hii ni ya NECTA. Kidato cha nne pointi 7 hadi 17 ni divisheni wani, 34 na 35 ni ziro. Gofu nayo ni hivyohivyo, mwenye chache ndiye aliyefaulu. Umati wote ukaguna kwa pamoja, wajomba wakamshusha kijana wao polepole. Huko kwingine watu hufundishwa kufurahia namba ndogo. Mtanzania aliyewahi kusubiri matokeo ya mtoto hahitaji kufundishwa.

Tatizo lilianza Jumatatu iliyofuata. Habari zilishaenea kwamba bingwa ametokana na fyekeo, na asubuhi hiyo nusu ya kidato cha tatu walichelewa namba kwa makusudi. Wengine walikuja na mafyekeo yao mkononi, kumrahisishia mwalimu wa zamu. Mwalimu wa nidhamu hakuwahi kuona watu wanaogombea adhabu. Ikabidi adhabu ibadilishwe: anayekosa anakaa darasani hadi jioni na maswali ishirini ya hesabu, na haruhusiwi kushika hata jani.

Kwenye jaribio la mwisho wa muhula hesabu zilipanda kuliko somo lolote. Mwalimu wa taaluma amekagua karatasi mara mbili akitafuta udanganyifu, hakuuona. Sasa ndiye anayekuja mezani kwangu kila wiki kuniuliza kama mfadhili amesema lolote kuhusu fimbo nyingine.