Kochi Lilitangulia

Viti vya plastiki vya kwetu Vurra, Uganda, vina majina. Nyuma ya kila kiti utakuta herufi mbili tatu za rangi ya mafuta, zimeandikwa na mtu ambaye hakuwa na brashi akatumia kijiti. Sufuria zina majina, beseni zina majina, na nimewahi kuona mwiko wa kusongea enyasa, ugali wetu, umechomwa alama kwenye mpini. Kukitokea msiba kila nyumba hutoa vyombo vyake, na vikishakaa matangani siku kadhaa, kurudi kwake hutegemea kumbukumbu za watu na hofu ya Mungu. Ndiyo maana mgeni wa kwetu, kabla hujamaliza kumwambia karibu kiti, ameshazunguka nyuma ya kiti chenyewe kusoma ni cha nani.

Shangazi yangu mmoja alikaribishwa kwa shangwe kwenye nyumba ya watu, akaketi, akaletewa chai, akanywa, akaisifu. Wakati wa kuaga akasimama, akakinyanyua kile kiti, akakigeuza ili wenyeji wajisomee wenyewe, akakitia kichwani. Hakutoa neno baya. Alisema "awa'difo", yaani ahsante, kwa sauti ile ile aliyoshukuria chai. Wenyeji nao ni watu wa adabu: walimsindikiza mpaka njia panda, na mwenye nyumba akamsaidia kukiweka sawa kichwani kisije kikamwangukia.

Tangu siku hiyo sivitazami tena kwa macho ya zamani vile vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa migongoni mwa viti. Wageni wa mjini hudhani ni mapambo.

Mwenye nyumba na mgeni wake hawaangalii nyumba moja, na sidhani kama wataacha. Mwenyeji atashinda asubuhi nzima akifuta televisheni, mgeni ataingia atazame dari. Na huwezi kujikinga, kwa kuwa kila mtu huja na jicho lake. Bibi yangu, kwa mfano, akiingia nyumba yoyote hutafuta mlango wa nyuma. Yeye ni wa wale waliokimbilia Zaire mwaka 1980, jeshi jipya la baada ya Amin lilipoingia kwetu West Nile kulipa kisasi. Watu walivuka mpaka kwa miguu, na walipoanza kurudi miaka ya themanini walirudi na Kilingala na Kiswahili cha Kongo, pamoja na macho ya kupima njia. Siku alipopelekwa kuona nyumba mpya ya mjukuu wake mjini Arua, yenye mlango wa chuma, kufuli juu ya kufuli na nondo kila dirisha, sote tulisimama tukingoja asifu. Akazunguka polepole. Akazishika nondo, akazitikisa kidogo.

"Sasa ninyi," akauliza, "mtatokea wapi?"

Wanaume warefu, na kwetu sisi Walugbara hawakosekani, huanza kuiona nyumba kwa paji la uso. Nyumba za msonge huwa na mlango mfupi, na nyasi za paa hushushwa chini makusudi ili mvua isile ukuta. Mwenyeji mzoefu hukuambia "pole" kabla hujajigonga, maana akikuangalia tu urefu wako anajua kitakachofuata. Wewe ndani huoni kitu, kwanza kwa giza, pili kwa machozi.

Mzungu naye alikuja na jicho lake. John Middleton, mwanaanthropolojia Mwingereza, alikaa na Walugbara kati ya 1949 na 1952. Katika maboma yetu kilichomkaa machoni ni vijumba vidogo vya mawe ambamo wazee waliwawekea marehemu wao sadaka, na akaviandikia kitabu, Lugbara Religion, kilichotoka 1960. Kitabu kimesomwa duniani kote na wala sikishushi hadhi. Ila naamini kuna mama aliyelalamika jioni moja kwamba wamesugua vyungu vyote hivi, wamefagia uwanja mara mbili, na huyu mgeni anashinda akitazama mawe.

Mimi huangalia kalenda. Ukuta wa kwetu hautupi kalenda. Utamkuta mgombea wa uchaguzi wa 2006 kando ya mgombea wa 2011, chini yao wa 2016 na wa 2021, watu ambao hawakuwahi kukaa pamoja popote pengine kwa amani. Zamani nilidhani mwenye nyumba ni mpenzi wa siasa, mpaka siku niliponyoosha kalenda iliyopinda nikaona yaliyo nyuma yake. Kalenda hufuata nyufa. Mgombea aliyewekwa juu kabisa, mahali pa heshima, ndiye aliyekabidhiwa ufa mkubwa. Kuna mmoja alianguka vibaya mwaka 2011 na hakusikika tena, lakini kwenye sebule moja ninayoijua bado anazuia upepo usiingie, na kwa utumishi huo nadhani amewazidi wengi walioshinda.

Uwanjani kuna makaburi. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, na familia ikijaliwa humjengea saruji na vigae, mara nyingi vigae bora kuliko vya sebule, maana waliobaki hai wanaweza kuendelea kusubiri. Watoto huandikia kazi za shule pale, mihogo huanikwa pale. Rafiki yangu mmoja wa Tanga alipofika kwetu amechoka na safari, aliona kibaraza kizuri chenye vigae vyeupe chini ya mwembe, akaketi, akavua viatu, akakisifu. Tukatazamana. Bibi akatuondolea aibu.

"Mwacheni akae. Yeye babu yenu hakuwahi kumfukuza mgeni."

Yule bwana aliruka kama aliyekalia siafu, na hakuketi tena mpaka jioni. Kila kitu kilichoonekana kizuri alikiuliza kwanza.

Hayo yote lakini ni ya mgeni anayefika kwa saa aliyotarajiwa, na kwetu saa yenyewe ina matatizo. Ng'ambo ya mpaka wa Vurra ni Aru, Kongo, na saa za mashariki ya Kongo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Mawimbi ya simu hayasimami forodhani. Ukisogea kidogo upande wa shamba la mihogo simu hunasa mtandao wa ng'ambo, hukukaribisha Kongo kwa ujumbe wa heshima, na kama umeiacha ijirekebishe yenyewe, hukurudisha nyuma saa nzima bila kukuuliza. Koboko hali ni nzito zaidi: Kongo huku, Sudan Kusini kule, na Sudan Kusini nayo ilizirudisha saa zake nyuma tarehe 1 Februari 2021. Watu wa Koboko kwa sababu hiyo wamejifunza kutoiamini simu. Wao husikiliza redio, au adhana.

Wakwe zetu walikuwa watu wa Koboko.

Walikuwa wanakuja kujitambulisha kwa ajili ya dada yetu, binti wa baba mdogo, na walisema watafika saa saba mchana. Shangazi, yule yule wa kiti, ndiye aliyeshika usukani. Kuta zilipakwa udongo mpya, pazia likaazimwa, maua ya plastiki yakaoshwa kwa sabuni. Akaona sebule bado haijatosha kupokea watu wa heshima, akaomba kochi la watu watatu kwa mwalimu mmoja anayeishi kando ya barabara kuu. Kijana wa boda boda angelileta. Shangazi alikuwa anasukwa nje, simu iko mapajani, na simu ilisema saa sita bado. Alituambia tusihangaike. Alituambia, kwa kweli, kwamba haraka haraka haina baraka.

Barabara ya Vurra, Arua, Koboko mpaka Oraba ina kilomita 92, na tangu iwekwe lami safari yake imekuwa nyepesi. Zamani mgeni wa Koboko alifika mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi soksi, na muda wa kumpa maji ya kuoga ulitosha kumalizia lolote mlilolisahau. Lami imetunyang'anya nafasi hiyo. Gari la wakwe lilipita Arua bila taabu, likaja vizuri mpaka karibu na kwetu, likajikuta nyuma ya pikipiki iliyobeba kochi.

Kochi lilikuwa limelazwa mkingamo, limechukua upande mzima wa barabara. Juu yake alikaa mpwa wangu wa miaka kama kumi, ameshika kamba, uso ameuelekeza nyuma, yaani anatazamana na wakwe kupitia kioo cha mbele cha gari. Dereva wa wakwe alipiga honi. Pikipiki haikuwa na pa kujibana. Akapiga tena. Mtoto, ambaye alifunzwa adabu, akapunga mkono, na mzee aliyekaa mbele naye akapunga. Wakaenda hivyo kwa muda, wanatazamana, kila mmoja akitumaini mwenzake atapata njia yake. Wakwe walipoelekezwa kwa simu waiache lami baada ya duka, kochi nalo likaiacha lami baada ya duka. Wakakata kulia, kochi liko mbele yao. Nasikia ni hapo ndipo mazungumzo ndani ya gari yalipokatika.

Sisi tulichosikia ni honi, na mtu akipaza sauti kwamba kochi limekuja na watu.

Mbuzi wa chakula cha mchana ndiye aliyewapokea, mzima wa afya, amefungwa kwenye mwembe, akalia vizuri kabisa. Baba mdogo alitoka na povu la kunyolea upande mmoja wa kidevu. Shangazi hakukimbia, na hili nalisema kwa kumstahi. Alitembea moja kwa moja hadi kwa wageni, akapiga magoti kusalimu kama inavyompasa mwanamke wa kwetu, akainamisha kichwa, na kwa kuinama kule akawaonyesha utosi wake wote: nusu imesukwa ikapendeza, nusu imesimama kama mtu aliyeitwa jina. Mzee wa Koboko aliipokea salamu hiyo akiwa anatazama mbali, kwenye mlima ambao haupo.

Mtoto wa kochi akatumwa na jagi na beseni awanawishe wageni mikono. Alipofika kwa mzee, shangazi akaanza kumtambulisha.

"Huyu tumeshasalimiana," mzee akasema.

Baadaye sana, dada yetu alipokwisha kuolewa, shangazi alimbana amwambie mama mkwe alionaje siku ile. Alikuwa tayari kwa lolote, la nywele, la mbuzi, la povu. Dada yetu akasema mama mkwe huwa anaizungumzia siku ile mara kwa mara, na huzungumzia kuni. Alipitia nyuma ya jiko akaona kuni kavu zimepangwa chini ya paa, na mvua zilikuwa zimeshaanza. Akasema nyumba hiyo haina mvivu. Kochi? Hakumbuki kochi. Shangazi aliudhika kwa namna ambayo hakutegemea, maana kuni zile zilipangwa na watoto ili wapate mahali pa kujifichia, na kochi ndilo alilolihangaikia yeye.

Lakini mzee alilikumbuka. Kikao kilipoanza aliketishwa katikati yake, vitambaa huku na huku, maua ya plastiki mbele ya magoti. Msemaji wetu alifungua kwa maneno marefu, akapanda ukoo hadi kwa mababu, akashuka nao taratibu, akawakaribisha wageni mara ya tatu. Mzee alimwacha amalize. Akalipapasa kochi kwa kiganja, akakohoa, akasema kabla ya kuingia kwenye mambo ya ng'ombe ana swali dogo tu.

"Hili kochi linatakiwa kwao saa ngapi? Tusije tukalichelewesha."

Watu wakatazama chini. Shangazi, sasa kichwa amekifunga leso, akajibu kwa unyenyekevu kwamba mwenyewe alisema saa kumi na moja.

"Ya Uganda," mzee akauliza, "au ya Kongo?"