Bure? Ina Virusi Hiyo!

Bahi, kibanda cha stesheneri, barabara ya Singida. Fundi kamweleza mzee kwamba kilaptopu chake chembamba, chenye ramu ya giga 4, kinafaa Linux: unaijaribu kwanza kutoka kwenye flashi, bila kufuta kitu, wala hulipi shilingi.

Mzee akarudi nyuma hatua. "Bure? Ina virusi hiyo, mwanangu." Anataka Windows "orijino" ya elfu kumi na tano, ile ambayo kazi yake ya kwanza ni kukuamuru uzime kinga ya virusi. Mwoga wa virusi ndiye huyo.

Fundi akamweleza: Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Linux ipo tangu 1991, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili hasa, mwaka 2004. Yote hayo mzee kayasikiliza kwa adabu.

"Sawa, fundi. Word iko wapi?"

Akaonyeshwa LibreOffice. Akaitazama sana. Rangi siyo, akasema. Na barua anayotaka kuandika ni mistari minne, ya shamba la mpunga.

Fundi kazima Linux, kachomeka flashi ya elfu kumi na tano.