Namna ya Kutazama Filamu Butu ya Mapenzi ya Kijerumani Ukiwa Olenguruone

Chagua usiku wa mvua. Huku juu ya Mau hutausubiri sana. Chaji simu mapema, maana stima hupotea wingu likikohoa tu, na ununue bando kabla hujavua gambuti. Filamu yenyewe ni Isi & Ossi ya Oliver Kienle, iliyotoka Netflix mwaka 2020. Ukiulizwa lugha, chagua Kijerumani chenye maandishi chini. Sauti za kubandikwa hugombana na midomo, na ugomvi ndani ya filamu tayari ni hafifu.

Usitazame peke yako. Kazi kama hii inahitaji mtu mzima wa kuihoji, na hakuna ahojiye kama kogo, yaani bibi, akiwa na kikombe cha maziwa ya mursik mkononi. Mweleze polepole: Isi ni binti wa mabilionea wa Heidelberg. Anataka kwenda New York kusomea upishi, wazazi wanakataa kumlipia, basi anamkodi Ossi, bondia fukara wa Mannheim, ajifanye mpenzi wake ili wazee wakereke. Hapo kogo atakatiza: kwani huko kupika kunasomewa? Simamisha filamu, umjibu kwa adabu, uendelee. Usimwambie kwamba kati ya miji hiyo miwili ni kilomita 20 hivi, pungufu kuliko kutoka hapa hadi Molo. Atauliza kwa nini wasiende kwa miguu wakayamaliza.

Ukifika katikati utaujua mwisho. Usikasirike. Hata koito, kikao cha mahari, mwisho wake hujulikana, na bado watu hutoka Bomet kuja kuushuhudia, kwa kuwa kwenye koito wazee hubishana kweli. Isi na Ossi wanatenganishwa na jambo ambalo sentensi moja ya ukweli ingelimaliza. Madeni yamo, utajiri na ufukara vimo, lakini vimetundikwa kama pazia. Aliyekolea ni babu yake Ossi, mzee aliyetoka jela na anarap. Mrudie mara mbili, kogo atampenda.

Kogo akianza kusinzia, asije akalala akidhani Wajerumani hawayajui mapenzi. Mwambie waliwahi kuyatafuta papa hapa chini, Rongai. Filamu ya Nirgendwo in Afrika ya Caroline Link, ya mwaka 2001, imetokana na kitabu cha Stefanie Zweig, ambaye familia yake ya Kiyahudi iliwakimbia Wanazi ikaja Kenya mwaka 1938. Filamu hiyo ilishinda Oscar mwaka 2003. Walter, wakili aliyegeuka msimamizi wa shamba, anamwagiza mkewe alete jokofu. Jettel anashuka na gauni la sherehe. Gauni hilo katika vumbi la Rongai linachekesha kuliko Isi & Ossi nzima, na linauma pia, kwa sababu ukame upo, nzige watakuja, na jamaa waliobaki Ujerumani hawajulikani watapona vipi. Ndoa inagongwa na vitu ambavyo kuombana msamaha hakuviondoi. Halafu kuna Owuor, aliyeigizwa na marehemu Sidede Onyulo: mpishi bora kabisa, na New York hakufika.

Sasa rudi kwa Isi. Ukiona dakika zilizobaki hazivumiliki, zima sauti ufanye kama DJ Afro, uisimulie upya kwa Kiswahili. Bilionea mfanye broka wa viazi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50, broka analitaka lifurike mpaka liote kichwa, Ossi anakataa kupakia, na Isi ameketi mbele kwenye lori la babake. Kogo atazinduka hapo hapo, na pengine majirani watabisha hodi.

Mwishoni wapenzi watapatana, kama ulivyotabiri. Kogo akiuliza mahari ilikuwa ng'ombe wangapi, mwambie Wajerumani bado wako kikaoni.